Ng'ombe mwoga, tumbo halitulii: Kabla hujanunua kirutubisho, anza na haya

Kasulu. Kwa familia nyingi za Kasulu na Kibondo, ng'ombe mmoja wa maziwa si mfugo tu. Ni uji wa mtoto, ni madaftari na sare za shule, ni mbolea ya migomba na shamba la maharage. Ndiyo maana anapoanza kususa chakula, akaharisha leo na kuvimbiwa kesho, akashtuka hata ndoo ikidondoka, nyumba nzima hukosa raha.

Hapo ndipo safari ya dukani huanza. Duka la dawa za mifugo lina chupa za vitamini, sindano za maltivitamini, unga wa madini, mawe ya kulamba na mifuko ya chakula yenye picha ya ng'ombe mwenye kiwele kikubwa kama mtungi. Muuzaji ana maneno mazuri. Mfugaji ana fedha ya kopo moja tu. Achukue lipi?

Jibu la kitaalamu halianzii kwenye kopo. Hakuna kirutubisho kinachofanya kazi ya majani, maji, utulivu na tiba. Kirutubisho huja mwisho, kuziba pengo ambalo tayari linajulikana. Anayekianza bila kujua pengo liko wapi hupoteza fedha, na wakati mwingine hupoteza ng'ombe.

Swali hili si la wafugaji wa Buha peke yao. Ulaya na Marekani, wenye farasi huuliza hivyohivyo kuhusu farasi mwenye hofu na tumbo lisilotulia, na madaktari wao huwaanzishia palepale: nyasi za kutosha, maji, mapumziko na uchunguzi, kisha ndipo yaje mambo ya chupa. Farasi hakuzoeleka katika nyanda hizi za juu za Kigoma, na sababu mojawapo ni mdudu anayefahamika sana hapa: mbung'o. Mdudu huyo huyo ndiye anayetufikisha kwenye swali la kwanza.

Ni njaa au ni ugonjwa?

Wilaya hizi zina mapori makubwa jirani, likiwamo Pori la Akiba la Moyowosi, na mbung'o si hadithi ya zamani. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilihamishia baadhi ya watu wa Buha kwenye makazi maalumu ili kuwaepusha na malale. Kwa ng'ombe, vimelea wa jamii hiyo huleta nagana.

Ng'ombe mwenye nagana hupata homa inayokuja na kuondoka. Damu hupungua, manyoya husimama, maziwa hushuka, na mwili huisha taratibu hata kama anakula. Mwenye mimba anaweza kuitupa. Kwa macho ya mfugaji, huyu ni ng'ombe "aliyekosa vitamini". Ukweli ni kwamba ukimpa vitamini bila kuua vimelea, unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Nagana haiko peke yake. Minyoo ya tumbo hukondesha na kuharisha. Mnyoo bapa wa ini huwapata ng'ombe wanaolishwa mabondeni kwenye maji yaliyotuama, anakoishi konokono anayembeba. Ndigana inayoletwa na kupe huleta homa na kukosa hamu ya kula. Magonjwa haya yote yanafanana ukiyatazama kwa mbali.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwa bwana mifugo au bibi mifugo wa kata: apime joto, aangalie rangi ya ndani ya kope, achukue damu na kinyesi kwa uchunguzi. Pale ambapo vipimo vinahitaji maabara kubwa, Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) ina kituo Tabora.

Jambo jingine la kuuliza ni kama ng'ombe anatafuna vitu visivyolika: mifupa, udongo, kamba, nguo zilizoanikwa. Mara nyingi tabia hiyo ni dalili ya upungufu wa madini, hasa fosforasi. Hapa kirutubisho kina kazi ya kweli. Lakini kama ameshameza mifuko ya plastiki au misumari, tumbo litaendelea kusumbua hata umpe madini gani. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019, ila vipande vya plastiki bado vimejaa kwenye majalala na kando ya masoko.

Tumbo linataka mazoea

Ng'ombe hameng'enyi majani peke yake. Katika tumbo lake la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mkubwa huchukua zaidi ya lita 100, wamo vijidudu wengi mno wanaovunjavunja nyasi kwa niaba yake. Ni kweli kusema unapolisha ng'ombe, unalisha vijidudu hao kwanza.

Vijidudu hao hawapendi mabadiliko ya ghafla. Ng'ombe aliyezoea matete akipewa leo ndoo nzima ya pumba, au akivamia gunia la mahindi, tumbo hugeuka kuwa na asidi kali. Ataharisha, ataacha kula, na anaweza kufa. Chakula kipya kiingizwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hadi tatu.

Kinga yake ya asili dhidi ya asidi ni mate. Ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, ila huyatoa anapotafuna na kucheua majani yenye nyuzi. Pumba laini haimfanyi acheue. Ndiyo maana angalau nusu ya chakula chake, kwa uzito wa chakula kikavu, inapaswa kuwa majani. Ukimkuta amelala kivulini anacheua, ujue tumbo lina amani. Asipocheua, usisubiri.

Nyanda hizi zina malisho mazuri kama yakipangwa. Kuna matete, majani ya viazi vitamu, mabua ya maharage baada ya kupura na mabua ya mahindi. Gogo la mgomba husaidia kiangazi cha Juni hadi Septemba, lakini sehemu kubwa yake ni maji, halitoshi kuwa chakula pekee. Maganda ya mihogo yakaushwe vizuri juani kabla ya kumpa, kwani mihogo mibichi, hasa ile michungu, ina sumu ya sayanaidi. Machicha ya pombe yatolewe kidogo na yasiwe yamechacha sana.

Maji nayo ni lishe. Maziwa ni maji kwa karibu asilimia 87. Ng'ombe anayekamuliwa huhitaji makumi ya lita kwa siku, na ndoo moja asubuhi na moja jioni haimtoshi. Wafugaji wengi wanatafuta maziwa dukani wakati yamekwama kisimani.

Hofu nayo huumiza tumbo

Mtamba aliyesafirishwa kwa lori kutoka mbali amepoteza kundi lake, chakula alichozoea, na mtu aliyemzoea. Mwili wake unapojaa homoni za hofu, kula na kucheua hupungua. Maziwa nayo hukwama: homoni ya oksitosini ndiyo inayoyashusha kwenye chuchu, na hofu huizuia. Anayempiga ng'ombe wakati wa kukamua anajizuilia maziwa mwenyewe.

Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za mifugo kutoka Marekani, alijulikana duniani kwa kuonyesha kwamba ng'ombe huogopa vitu vidogo ambavyo sisi hatuvioni: kivuli sakafuni, mnyororo unaoning'inia, sakafu inayoteleza, kelele za ghafla. Ushauri unaotokana na kazi yake hauna gharama kubwa. Mkamuaji awe yuleyule. Saa ya kukamua isibadilikebadilike. Mbwa na watoto wanaopiga kelele wakae mbali. Sakafu ya banda itandikwe nyasi kavu. Ng'ombe mgeni apewe wiki chache za kuzoea kabla ya kuogeshwa, kukatwa pembe na kubadilishiwa chakula kwa mkupuo mmoja.

Sasa twende dukani

Ukishajibu maswali hayo, kuchagua kunakuwa rahisi.

Madini ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Kigoma ina chumvi yake ya Uvinza, inayochemshwa kutokana na chemchemi tangu karne nyingi zilizopita. Chumvi ni nzuri, lakini haimpi ng'ombe kalsiamu, fosforasi wala shaba ya kutosha. Anayekamuliwa anahitaji jiwe au unga wa madini kamili. Lebo iandikwe kwamba ni wa ng'ombe wa maziwa, kwa sababu kiasi cha shaba kinachomfaa ng'ombe kinaweza kumuua kondoo. Magadi ya kupikia yasigeuzwe madini ya kila siku. Baadhi huwa na floridi nyingi.

Protini ifuate, hasa kiangazi. Mashudu ya alizeti au ya pamba yanasaidia, na majani ya lukina au kaliandra ukiwa nayo shambani yanapunguza gharama. Usijaribu kuchanganya mbolea ya urea kwa kukisia. Kiasi kikizidi kidogo tu, huua ndani ya saa chache.

Hamira hai ya mifugo inaweza kulisaidia tumbo lenye asidi, ingawa matokeo hutofautiana. Inafaa pale tu majani yanapotosha. Hamira ya maandazi si mbadala wake.

Sindano za vitamini zina nafasi kwa mnyama aliyetoka kuugua, kwa ushauri wa mtaalamu. Sindano ya kila mwezi "ya kumchangamsha" si lishe. Na yeyote mwenye punda boma moja na ng'ombe aulize kama chakula cha dukani kina monensini: dawa hiyo huvumilika kwa ng'ombe kwa kipimo chake, lakini huua punda na farasi.

Soma lebo kabla ya kulipa: viambato, kipimo, tarehe ya mwisho, jina la mtengenezaji. Vyakula vya mifugo vinasimamiwa na Sheria Na. 13 ya mwaka 2010, na dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mfuko usio na maelezo uache dukani.

Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Andika kwenye daftari lita za maziwa na hali ya kinyesi kwa wiki mbili. Ukianzisha vitu vitatu siku moja, hutajua kilichosaidia wala kilichodhuru.

Kinachoingia kwa ng'ombe humfikia mtoto

Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa ugali, na hayafai kwa ng'ombe pia. Sumukuvu iliyomo hupita kwenye maziwa. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na tangu hapo hakuna sababu ya kuichukulia kama jambo la mbali.

Antibiotiki nazo hubaki kwenye maziwa kwa siku kadhaa. Ng'ombe akitibiwa, muulize mtaalamu maziwa yamwagwe kwa siku ngapi, na usiwape watoto kabla ya muda huo. Maziwa yote yachemshwe kabla ya kunywewa.

Dalili za kutosubiri ni hizi: ubavu wa kushoto kuvimba ghafla, kupumua kwa shida, damu kwenye kinyesi, kutocheua siku nzima, au ng'ombe aliyezaa karibuni kushindwa kuinuka. Huyo wa mwisho huenda ameishiwa kalsiamu, na akiwahiwa mara nyingi husimama siku hiyohiyo. Mpigie simu mtaalamu wa mifugo wa kata yako, na namba yake uiweke kwenye simu leo, kabla hujaihitaji.