Kichocho: Ugonjwa unaomfuata mgeni wa Ziwa Victoria hadi nyumbani kwake

MGENI anapofika Kisumu kwa mara ya kwanza, aghalabu jambo analotaka kuliona kabla ya mengine yote ni ziwa. Huenda Dunga akapanda mashua, akasubiri machweo Hippo Point, na iwapo amefuatana na wenzake, safari huendelea hadi Mbita, Rusinga na Mfangano. Jua linapokuwa kali, kundi zima huvua viatu na kuingia majini.

Siku hiyo hakuna anayeugua. Pengine mmoja au wawili hujikuna miguu usiku ule na kudhani ni mbu. Wiki nne au sita baadaye, kila mmoja akiwa amekwisha kurejea kazini kwake Nairobi, London au Amsterdam, mmoja wao hushikwa na homa inayopanda jioni na kushuka asubuhi. Hukohoa kikohozi kikavu, mwili humuuma, vipele vyenye mwasho humtoka ghafla na kupotea, na tumbo humsokota. Akipimwa malaria, haonekani kuwa nayo. Hupewa dawa ya homa ya matumbo, asipate nafuu. Kisha mwenzake waliyesafiri pamoja humpigia simu akilalamikia mambo yayo hayo.

Simu hiyo ndiyo ushahidi muhimu kuliko vyote. Watu waliougua namna moja kwa wakati mmoja, wakiwa katika miji tofauti, hawana budi kuulizwa ni maji yapi waliyoyaingia pamoja. Na kama jibu ni Ziwa Victoria, daktari mwenye uzoefu wa maradhi ya ukanda wa joto atafikiria kichocho kabla ya jambo jingine.

Wataalamu huiita hatua hiyo ya mwanzo homa ya Katayama, kutokana na eneo la Katayama katika jimbo la Hiroshima nchini Japani, ambako wakulima wa mpunga walijulikana tangu zamani kwa kuugua hivyo. Homa hiyo humpata zaidi mtu ambaye mwili wake haujawahi kukutana na minyoo hiyo. Mtoto wa Asembo au Usenge aliyeoga ziwani tangu utotoni hupata maambukizi yale yale pasipo homa yoyote ya kutisha. Ndiyo maana mgeni hulalamika mapema, ilhali mwenyeji hukaa kimya miaka mingi.

Si jambo la kubuni. Mnamo 2007 watafiti waliwachunguza watu walioshiriki michezo ya majini katika Mto Nile nchini Uganda, kwenye sehemu ya juu ya mto huo unaochimbuka Ziwa Victoria. Kati ya watu 69 waliopimwa, 12 walipatikana na dalili za maambukizi ya kichocho. Miaka kadhaa kabla ya hapo, kundi la watalii 29 waliokuwa wameogelea katika madimbwi ya eneo la Wadogon nchini Mali lilirejea Ulaya na kupimwa. 28 kati yao walikuwa wameambukizwa.

Kisa kinachowahusu wapiga mbizi zaidi ni cha Ziwa Malawi. Maji yake ni maangavu, samaki wake ni wa rangi nyingi, na eneo la Cape Maclear limevutia kwa muda mrefu wageni wanaopenda kuzama kwa mitungi ya hewa. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba ufuo huo hauna kichocho. Mwaka wa 1992, vijana wawili wa Marekani waliokuwa wakihudumu chini ya shirika la kujitolea la Peace Corps waliugua baada ya kuoga hapo, na ikabainika kuwa mayai ya minyoo ya kichocho yalikuwa yamefika katika mfumo wao wa neva. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa 1996, ulionyesha kwamba takriban thuluthi moja ya wageni na wakazi wa kigeni waliopimwa walikuwa na dalili za maambukizi katika damu, na kwamba hatari iliongezeka kadiri mtu alivyoingia majini mara nyingi.

Nchini Kenya utalii wa kupiga mbizi umejikita Pwani, hasa Watamu, Diani na Kisite. Huko kichocho hakipo, kwa kuwa konokono wanaokibeba hawaishi katika maji ya chumvi. Hatari ni pale mtu aliyezoea bahari anapohamishia mazoea yake kwenye ziwa. Vazi la mpira la kupigia mbizi hupunguza sehemu ya ngozi iliyo wazi, lakini mikono, shingo na uso hubaki vilevile, na maji hupenya ndani ya vazi hilo. Tena mpiga mbizi haanzii kilindini. Huanza kwa kutembea katika maji ya magotini, akivaa vifaa vyake mahali penye matete, na hapo ndipo penye konokono wengi.

Ili kuelewa kwa nini ufuo ndio mahali pabaya, inafaa kujua safari ya mnyoo huyu. Mtu aliyeambukizwa anapojisaidia karibu na maji, mayai hutoka pamoja na kinyesi. Yakifika majini huanguliwa, na kinachotoka humo humtafuta konokono wa jamii ya Biomphalaria. Ndani ya konokono mmoja, kiumbe hicho huzaana kwa wiki nne hadi sita, na hatimaye maelfu ya viluwiluwi wasioonekana kwa macho huachiliwa majini. Hawa humpata binadamu, wakapenya ngozi yake nzima isiyo na jeraha lolote, katika muda wa dakika chache tu. Asiyempata binadamu hufa katika siku moja au mbili.

Viluwiluwi hao huachiliwa zaidi jua likiwa juu, yaani kuanzia asubuhi ya mwisho hadi alasiri ya mapema. Ni saa zile zile ambazo watoto huoga, akina mama hufua, na watalii huamua kujipoza.

Katika ghuba ya Winam, ambayo kina chake ni kifupi, magugu maji yameongeza tatizo. Mmea huo ulienea ziwani katika miaka ya tisini, ukapungua, kisha ukarejea tena na tena. Mbali na kuzuia mashua za wavuvi, umewapa konokono makao yanayoelea. Upepo unapoyasukuma magugu kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, konokono nao husafiri. Kwa hivyo mtu anayehakikishiwa kwamba sehemu fulani ya ufuo ni salama kwa sababu haikuwa na konokono mwaka jana, anapewa neno lisilo na uzito.

Kuna jambo jingine ambalo huwachanganya hata wenyeji. Neno kichocho huwafanya wengi wafikirie mkojo wenye damu. Hiyo ni aina moja ya ugonjwa, ile inayokaa kwenye kibofu, na hupatikana Pwani na pia katika uwanda wa Kano, mwendo mfupi kutoka Kisumu, ambako konokono wa jamii nyingine huishi katika madimbwi na mifereji. Lakini aina inayotawala kando ya Ziwa Victoria ni ya utumbo. Haitoi damu katika mkojo. Minyoo hukaa katika mishipa ya damu inayouzunguka utumbo, na jike mmoja hutaga mayai kati ya 100 na 300 kwa siku. Sehemu ya mayai hayo hutoka na choo. Mengine hubebwa na damu hadi kwenye ini na kunasa humo. Anayesubiri kuona mkojo mwekundu ndipo aende hospitali atasubiri bure, huku ini lake likiota makovu.

Wakati wa kupima nao una hila yake. Minyoo huhitaji wiki tano hadi saba kukomaa na kuanza kutaga. Mtu anayepimwa choo katika wiki ya tatu, homa ikiwa imempanda, huenda akaambiwa hana kitu, na maabara ikawa haijakosea. Kinachoweza kumzindua daktari katika kipindi hicho ni kuongezeka kwa aina fulani ya chembechembe nyeupe za damu, pamoja na maelezo ya mgonjwa mwenyewe kuhusu mahali alikooga. Kwa sababu hiyo anashauriwa atangulize maelezo hayo bila kungoja kuulizwa. Hata hivyo, kipimo cha malaria hakipaswi kurukwa kamwe. Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi zaidi nchini Kenya, na malaria humuua mtu asiye na kinga kwa siku chache, jambo ambalo kichocho hakifanyi.

Dawa ya kichocho ni praziquantel, ambayo imetumika tangu mwishoni mwa miaka ya sabini. Ni vidonge vikubwa na vichungu, humezwa baada ya chakula, na idadi yake hutegemea uzani wa mgonjwa. Katika kampeni za shuleni, ambako mizani ni adimu, watoto husimamishwa kando ya fimbo yenye alama, na urefu wao huamua kipimo.

Wageni wengi hukosea hapa. Katika uchunguzi uleule wa Uganda, asilimia 18 ya watu walikuwa wamejinunulia dawa na kuimeza mara tu baada ya kutoka majini, wakidhani wamejikinga. Praziquantel huwaua minyoo waliokomaa, wachanga huwaponyoka. Anayeimeza siku ileile hubaki na minyoo yake pamoja na imani potovu kwamba amepona, na homa inapomjia wiki ya tano hakumbuki tena kichocho. Inafaa kungoja wiki sita hadi nane tangu mara ya mwisho kuingia majini, apimwe na kutibiwa, na pengine dawa irudiwe. Aliye katika homa yenyewe hahitaji kujitibu, kwani daktari huenda akaona vyema kutuliza kwanza ghasia za mwili kwa dawa nyingine.

Dalili moja haistahili kungojewa hata siku moja: miguu kulegea au kufa ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo. Kwa aliyetoka kupiga mbizi, dalili hizo hufanana na za ugonjwa wa viputo vya hewa unaowapata wanaoibuka kwa haraka. Tofauti kubwa ni wakati. Viputo hujitokeza katika muda wa saa chache, kwa kawaida ndani ya siku moja, ilhali mayai ya kichocho katika uti wa mgongo hujidhihirisha baada ya wiki au miezi. Yote mawili ni ya kukimbizwa hospitalini.

Kuhusu kinga, ushauri wa kujikausha upesi kwa taulo umeenea sana, lakini si wa kutegemewa. Maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani huwa salama yakichemshwa, au yakiachwa katika tangi lisilo na konokono kwa siku mbili. Anayelazimika kukanyaga maji ufuoni avae buti za mpira zinazofika juu ya kiwango cha maji. Kupanda mashua, kuvua samaki au kutazama viboko hakuna ubaya wowote, mradi mtu asishukie majini.

Ushauri huo unamfaa mgeni. Kwa mvuvi wa omena anayeivuta mashua yake hadi nchi kavu kila siku, au kijana anayechimba mchanga akiwa majini hadi kifuani, hauna maana. Hao ndio wanaobeba mzigo halisi. Mgeni atasumbuliwa kwa mwezi mmoja na kusimulia kisa chake. Mwenyeji asiyetibiwa, baada ya miaka, huenda akavimba wengu na tumbo, na mwishowe akatapika damu kutokana na ini lililoziba.

Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, ambao kituo chao kiko Kisian karibu na Kisumu, pamoja na wenzao wa Marekani, waliwafuatilia kwa miaka kadhaa vijana waliokuwa wakiosha magari ndani ya ziwa mjini humo. Kila mara walipopatikana na kichocho walitibiwa, wakarudi majini kutafuta riziki, wakaambukizwa upya. Matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha kwamba baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, walianza kujenga kinga na kuchukua muda mrefu zaidi kabla ya kuambukizwa tena. Wengine hawakupata kinga hiyo kamwe, ingawa walisimama katika maji yale yale.

Tangu 2007 kampuni ya Merck imekuwa ikitoa praziquantel bila malipo kupitia Shirika la Afya Duniani, na watoto wa shule wa eneo la ziwa wamekuwa wakipewa dawa hiyo. Katika vijiji vingi maambukizi yamepungua. Katika vingine, hasa vilivyo karibu kabisa na maji, hayakushuka kama ilivyotarajiwa hata baada ya miaka kadhaa ya dawa, kwa kuwa mtoto aliyetibiwa Jumatatu huoga ziwani Jumanne, na nyumba nyingi za ufuoni hazina vyoo.

Waliosahaulika kwa muda mrefu zaidi ni watoto ambao hawajaanza shule, wanaobebwa na mama zao hadi ziwani na kuogeshwa kwa beseni wakati nguo zikifuliwa. Vidonge vilivyopo ni vikubwa na vichungu mno kwao. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili yao, inayoyeyuka katika maji na isiyo na uchungu mkali, ilifanyiwa majaribio nchini Côte d'Ivoire na hapa Kenya, katika eneo la Homa Bay, kwa watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita, na Desemba 2023 ikapata kibali cha kitaalamu cha shirika la dawa la Ulaya.