Farasi wa zamani na farasi wa leo: kwa nini namba za injini hazilingani

LUBUMBASHI – Ukitafuta gari la mwendo kasi lililotumika, mara nyingi jambo la kwanza utakalotajiwa baada ya bei ni chevaux zake. Mia mbili, mia tatu. Namba inatajwa kwa fahari, na kwa mnunuzi kila namba hiyo inapopanda, dola nazo zinapanda. Shida ni kwamba namba iliyoandikwa mwaka 1970 na ile ya mwaka 2020 hazikupimwa kwa njia moja.

Chukua magari mawili ambayo wapenzi wa Safari Rally wanayajua. Datsun 240Z ilishinda mashindano hayo mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ile iliyouzwa madukani Marekani ilikuwa na injini ya silinda 6, lita 2.4, nguvu za farasi 151. Toyota GR Yaris, ndugu wa gari alilotumia Kalle Rovanperä kushinda Safari mwaka 2022, ilianza kuuzwa mwaka 2020. Ya dukani ina silinda 3 tu na lita 1.6, lakini Ulaya ilitangazwa kwa farasi 261.

Pengo ni kubwa, na kwa kweli ni kubwa zaidi ya linavyoonekana. Zile 151 zilipimwa kwa utaratibu wa zamani wa Marekani: injini inafungwa peke yake kwenye chumba cha vipimo, bila feni, bila chujio la hewa, bila ekzosi ya gari lenyewe. Ndani ya gari vitu hivyo vyote hula nguvu.

Tazama Chevrolet Corvette. Mwaka 1971 injini yake ya LT-1 ilitangazwa kwa farasi 330. Mwaka 1972, viwanda vya Marekani vilipohamia kipimo cha injini ikiwa na vifaa vyake, ikaandikwa 255. Sehemu kubwa ya farasi hao 75 ilipotelea kwenye karatasi, si barabarani.

Wajapani walikuwa na lao. Kuanzia 1989 hadi 2004 watengenezaji wao walielewana wasitangaze zaidi ya farasi 280 kwa magari ya soko la nyumbani. Ndiyo sababu Toyota Supra ya turbo mbili ya mwaka 1993 inasomeka 280 Japani na 320 Marekani. Vifaa vya injini hizo vilitofautiana kidogo, lakini aliyepata moja ya usukani wa kulia kupitia Kasumbalesa asidhani ameuziwa dhaifu.

Halafu kuna hewa yetu. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya bandarini Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo, kama ya Datsun, hupoteza hapa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, pengine zaidi. Turbo husukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo Yaris haiumii sana.

Na usichanganye haya na chevaux za carte rose. Hizo ni za kodi, ndizo zinazoangaliwa ukilipia vignette. Gari lenye farasi zaidi ya 100 kwenye injini linaweza kuandikwa 10 au pungufu, na wote wawili, muuzaji na serikali, wakawa wamesema kweli.

Kwa gari la miaka 30, hata namba sahihi ya kiwandani ni ya injini ilipokuwa mpya. Kabla ya kutoa dola, mlipe fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, bei ijadiliwe upya hapohapo.