Zebaki Ndani ya Kikopo cha Krimu



Baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja alinijia na kikopo kidogo cha krimu. Bintiye alikuwa amekaribia kuolewa, na mashoga zake walimhakikishia kuwa krimu ile humng'arisha bibi harusi kwa siku chache tu. Suali lake lilikuwa la fiqhi: "Sheikh, mafuta haya yanazuia maji ya udhu?"

Nilikigeuza kikopo. Hakikuwa na jina la mtengenezaji wala orodha ya viungo. Palikuwa na onyo moja kwa maandishi madogo: krimu isigusane na vyombo vya dhahabu wala fedha. Nikamwambia, "La udhu tutalijibu, mama. Lakini kwanza tuulizane, humu ndani mna nini?"

Onyo hilo ni miongoni mwa dalili zilizotajwa na Shirika la Afya Duniani za krimu iliyotiwa zebaki, kwani zebaki hushikana na dhahabu ikaiharibu. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndipo mtu akaonekana mweupe. Lakini hupenya mwilini ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mja mzito humfikia mtoto tumboni.

Ulimwengu ulijifunza ubaya wa madini haya kwa gharama kubwa. Huko Minamata, kusini mwa Japani, kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga maji machafu ghubani. Zebaki iliyokuwamo ikaingia katika samaki na chaza, na samaki wakaingia vyunguni. Paka walianza kutetemeka na kuanguka baharini. Kisha wakafuata watu. Maradhi yalitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini serikali haikukiri kuwa kiwanda ndicho chanzo hadi 1968. Walioumia mwanzo ni jamaa za wavuvi, waliokula samaki kila siku kama tulavyo sisi. Walikuwako akina mama waliojiona wazima, kumbe sumu ilikuwa imewapita wao ikatua kwa watoto waliowabeba.

Mmoja wa watoto hao ni Bi Shinobu Sakamoto, aliyezaliwa mwaka uo huo wa 1956. Mwaka 1972, akiwa angali kijana, alisafiri hadi Stockholm, Uswidi, wakati wa mkutano mkuu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira, ili walimwengu wayaone yaliyompata. Mkutano huo ndio uliozaa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake makuu hapa kwetu, Nairobi.

Ilichukua miaka mingi kutoka huruma hadi sheria. Februari 2009, baraza la shirika hilo lilikutana Nairobi likaamua kuandaa mkataba wa kisheria juu ya zebaki. Januari 2013 mataifa yaliafikiana Geneva, na Oktoba mwaka huo mkataba ukatiwa saini Japani, katika mkoa wa Kumamoto ulimo Minamata, ukachukua jina la mji huo. Kenya ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Ulianza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, na mwezi uliofuata Bi Sakamoto alihudhuria mkutano wa kwanza wa nchi wanachama huko Geneva. Leo wanachama ni zaidi ya 140.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini kila nchi isijitungie sheria yake? Jibu limo katika kikopo kile. Krimu huundwa nchi moja, ikapitia ya pili, ikauzwa ya tatu. Nchi moja ikifunga mlango wake na jirani akauacha wazi, sumu hupita kwa jirani. Ndiyo maana mkataba unamfunga anayetengeneza, anayesafirisha na anayeagiza kwa pamoja. Nchi mwanachama haiuzi zebaki nje ila kwa idhini ya maandishi ya nchi inayoipokea. Machimbo mapya ya zebaki hayaruhusiwi. Nchi zenye wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Migori, hutakiwa kupunguza matumizi yake, na ziko fedha za pamoja za kuzisaidia nchi zisizo na uwezo.

Wala serikali haziko peke yake. Wanasayansi hupima, na mashirika ya kiraia hununua krimu madukani na mitandaoni yakazipeleka maabara na kutangaza matokeo. Mkataba ulipoanza, uliziacha krimu zenye kiwango kidogo mno cha zebaki. Lakini mwaka 2023 wanachama waliuondoa mwanya huo, wakaweka 2025 kuwa ukomo wa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki.

Hata hivyo, mkataba hauna askari wa kusimama katika kila duka la vipodozi. Hapo ndipo wajibu unapofika nyumbani. Krimu isiyo na orodha ya viungo isinunuliwe. Ukiona kwenye kibandiko neno mercury au calomel, iache. Na aliyekwisha kuitumia asione haya kumweleza daktari, hasa akiwa mja mzito au ananyonyesha, kwani zebaki huhama kwa taulo na kwa mikono hadi kwa watoto. Asiimwage msalani: ikioshwa hufika baharini, ikageuka sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki na kurudi mezani kwetu.

Nilimjibu yule mama kwamba kisichoacha utando juu ya ngozi hakizuii maji ya udhu. Kisha nikamwambia kuwa mwili nao ni amana, na kudhuru nafsi hakuruhusiwi hata kwa ajili ya harusi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi ataolewa na rangi yake aliyopewa na Mola."

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na vizazi vyetu. Amin.