Papa Anayetembea Maji Yakipwa

Ukipita usiku juu ya mwamba wa kisiwa cha Heron, kwenye Great Barrier Reef ya Australia, wakati maji ya bamvua yamekupwa, mulika tochi madimbwini. Pengine utamwona papa mwembamba wa rangi ya mchanga na madoa ya kahawia, urefu wake hauzidi sana mita moja, akihama dimbwi hadi dimbwi. Haogelei. Anatembea kwa mapezi, la kifuani upande huu na la tumboni upande ule, kiwiliwili kikijipinda kama cha kenge, na mara nyingine mgongo wote uko nje ya maji. Nyuma ya kichwa, kila upande, ana doa kubwa jeusi lililozungushiwa weupe. Wanasayansi humwita Hemiscyllium ocellatum.

Lakini mapezi si ajabu yake kubwa. Mchana, mwani unaoishi ndani ya matumbawe hutoa oksijeni. Jua likizama kazi hiyo husimama, ilhali kila kiumbe kilichobaki juu ya mwamba kinaendelea kuivuta, na maji mapya ya bahari hayaingii mpaka yaanze kujaa. Oksijeni huweza kushuka chini ya theluthi moja ya kawaida. Papa huyu hubaki hapo hapo, akichokoa minyoo na kaa mchangani kwa pua, mahali ambapo papa wakubwa hawawezi kumfuata.

Katika majaribio alistahimili saa tatu na nusu kwenye maji yenye asilimia 5 tu ya oksijeni ya kawaida. Moyo hupunguza mapigo na shinikizo la damu hushuka, ila mishipa ya ubongo hutanuka ili damu isipungue huko. Nikisoma habari hizi huwa nastaajabu upya kila mara.

Joto ndilo linalonitia hofu. Papa mzima anaweza kulihama dimbwi lililopata moto. Yai lake haliwezi, nalo hukaa miezi kadhaa kabla ya kuanguliwa. Mwaka 2021 watafiti walitoa matokeo ya mayai waliyoyalea katika nyuzijoto 27, 29 na 31. Ya nyuzi 27 yalianguliwa baada ya siku 125 hivi. Ya nyuzi 31 yalianguliwa karibu siku ya 100, na vitoto vikatoka vidogo, vinyonge, akiba ya kiini imekwisha, vikihitaji kula karibu mara moja.