Uzito wa Mwili Ukiwa Chuoni: Moyo wa Kuanza Unatoka Wapi?

Leo nazungumza hasa na kijana aliye chuoni, uwe Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, chuo cha uuguzi, cha ualimu au cha ufundi, uwe Malindi, Mtwapa au Mariakani. Nazungumza na wewe uliyeingia chuo ukiwa na kilo 62, na sasa, mwaka wa pili, mizani inasoma 78. Nguo ulizokuja nazo umempa mdogo wako. Kila Jumapili usiku unajiambia, "Kesho naanza." Kesho ikifika, hamu haipo.

Vijana wengi wa namna hii huniuliza swali moja: "Sista, nifanye nini nipate moyo wa kuanza?" Ni swali zuri, ila wengi wanautafuta huo moyo mahali usipokaa.

Kabla ya yote, hakikisha kama kweli una haja ya kupungua. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu uligawe tena kwa urefu huo huo. Mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.60 anapata 30 na nusu. Kwa mtu mzima, kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni sawa, 25 hadi chini ya 30 uzito umezidi, na 30 kwenda juu huo ni unene wa kutibiwa. Kama huna mizani, tafuta kamba. Jipime nayo kutoka utosini hadi kisiginoni, ikate, ikunje mara mbili, kisha uizungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ikikutana ncha kwa ncha bila kuvutwa, kiuno chako hakijapita nusu ya urefu wako, na hilo ni jambo jema. Isipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, na hayo ndiyo yanayosumbua moyo na sukari kuliko mafuta ya mapajani au makalioni.

Na ikiwa jibu lako ni 21 au 22, na unataka kupungua kwa sababu ya picha ulizoona kwenye simu, mazungumzo ya leo si yako. Kula, usome, ulale.

Sasa wewe ambaye kamba haikukutana. Utaniambia, "Lakini mimi nina miaka 20, siumwi popote." Ni kweli, huumwi. Presha haiumi, na sukari inapoanza kupanda haiumi. Lakini jitazame shingoni, upande wa nyuma, na makwapani. Wako vijana ambao ngozi ya hapo imekuwa nyeusi na nene kama kitambaa cha mahameli, wanaisugua kwa dodoki na ndimu wakidhani ni uchafu. Mara nyingi si uchafu. Ni ishara kwamba mwili unatoa insulini nyingi kupita kawaida ili kuishusha sukari. Wasichana wengine huona hedhi ikiruka miezi miwili au mitatu. Ukiona lolote kati ya hayo, dodoki liweke kando uje upimwe.

Wala hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2008 na 2009 uliona kwamba robo ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Utafiti wa mwaka 2014 ulikuta wamefika thuluthi moja. Hao wote hawakuwa walafi. Chakula kimebadilika, usafiri umebadilika, na kazi za kukaa zimeongezeka.

Hapa ndipo pa kuzungumzia aibu, maana wengi wanadhani aibu ndiyo dawa. Rafiki anakuita "bonge" mbele ya watu na kusema anakusaidia. Wewe mwenyewe unabandika picha yako ya zamani ukutani ili ikuchape kila asubuhi. Wataalamu waliofuatilia watu wanaochekwa kwa ajili ya miili yao wamekuta kwamba wengi huzidi kula na huepuka mazoezi. Jambo hilo halihitaji elimu kubwa kulielewa. Nani atatoka kukimbia njiani huku anajua atapigiwa mbinja? Mtu mwenye aibu hujifungia chumbani, na chumbani kuna simu na biskuti. Kwa hiyo picha hiyo itoe. Na rafiki huyo mwambie kwa upole kwamba anayetaka kukusaidia avae viatu mtembee pamoja.

Kuna jingine ambalo sisi watu wa Pwani hatulisemi waziwazi. Kwetu mwili uliojaa ni sifa. "Umenawiri!" anakwambia shangazi, na anafurahi kwelikweli, kwa sababu kwake mwili huo ni dalili kwamba unakula na unatunzwa. Ukipungua kilo tano, maneno yanageuka: "Mbona umekonda? Kuna nini?" Wapo wanaonong'ona zaidi ya hapo. Tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipoitwa "slim" kule Uganda kwa sababu ya kukondesha watu, kupungua mwili kumebaki na sifa mbaya. Wapo wasichana walioanza vizuri, wakaacha kwa sababu ya mnong'ono huo tu.

Ushauri wangu ni huu. Mtu anayetumia dawa za ARV vizuri huwezi kumtambua kwa kumtazama, awe mnene au mwembamba. Anayepima UKIMWI kwa macho hajui anachokipima. Wewe nenda ukapimwe, ujue hali yako, na mnong'ono utapungua nguvu. Na nyumbani sema mapema, kabla hawajaona: "Shangazi, nesi kanipima kaona uzito umezidi, nimeanza kutembea na kupunguza sukari." Mtu aliyeambiwa kabla hana la kunong'ona.

Tuje kwenye sababu yenyewe ya kupungua. Kumwambia kijana wa miaka 20 kwamba atapata kisukari akifika 45 ni kumwambia ukweli, lakini ukweli huo haumtoi kitandani saa kumi na mbili asubuhi. Uko mbali mno. Tafuta sababu iliyo karibu, na iwe yako. Kupanda ngazi hadi darasa la ghorofa ya tatu bila kusimama katikati ni sababu. Kucheza dakika 90 za mpira bila kuomba kutolewa ni sababu. Hedhi kurudi mahali pake, au magoti kuacha kulalamika, hizo pia ni sababu. Mwingine mama yake anajidunga insulini kila siku, na yeye ndiye anayemsaidia. Huyo hahitaji hotuba yangu. Ila sababu ya kumkomesha aliyekuacha haina maisha marefu. Ukisikia ana mwingine, umerudi kwenye chipsi.

Sababu ukishaipata, usikae kungoja hamu. Jambo hili nataka ulisikie vizuri: kwa watu wengi hamu hufuata kitendo. Mtu hutembea siku kumi bila hamu, siku ya kumi na moja anaona pumzi imekuwa nyepesi, na hapo ndipo hamu inapozaliwa. Kwa hiyo kitendo cha kwanza kiwe kidogo kiasi kwamba hata siku ya uvivu utakifanya, na ukifunge kwenye jambo ambalo tayari hulikosi. "Nikishaswali Alfajiri natembea dakika 15." "Nikitoka darasa la mwisho nashuka kituo kimoja kabla." "Nikishapiga mswaki usiku sili tena." Sema ni lini na wapi. "Nitaanza mazoezi" peke yake haina saa wala mahali, ndiyo maana haifanyiki.

Lengo la baadaye ni angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka kila wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Huhitaji jimu ya kulipia. Ukiwa Malindi, maji yakipwa mchanga wa ufuoni ni mgumu na tambarare, hakuna njia nzuri kuliko hiyo. Ukiwa Kilifi una Bofa, au uvuke daraja kwenda Mnarani na kurudi. Jua letu unalijua: toka kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Wasichana, tokeni wawili au watatu, kwa usalama na kwa sababu mwenzako akikugongea mlango utaamka. Buibui au dera halizuii kutembea. Viatu ndivyo vya kuangalia, ndara zitakuumiza.

Kwa upande wa chakula, anza na unachokunywa. Soda ya kawaida ya nusu lita ina kama gramu 53 za sukari, yaani vijiko 13 vya chai. Ukinywa moja kila siku, kwa mwezi umekunywa zaidi ya kilo moja na nusu ya sukari, na hukushiba hata kidogo. Kwa wengi kuacha soda na kupunguza sukari ya chai kunatosha kuwa hatua ya mwezi wa kwanza. Usiongeze nyingine mpaka hiyo ikae.

Halafu kuna mtindo wa fedha, na huu nauona sana. Pesa za HELB zikiingia ni chipsi kuku, pilau, na soda za kualikana. Zikiisha ni chai na mkate, au viazi karai vya jioni tu baada ya kushinda na njaa. Mwili ulioshinda na njaa ukipata chakula hauna breki. Siku pesa zinapoingia, nunua kwanza maharagwe, pojo, mbaazi, dagaa na unga wa kutosha wiki kadhaa. Ukipika maharagwe Jumapili una mboga ya siku mbili tatu. Kwenye sahani, nusu iwe mboga za majani kama mchicha, mnavu, mchunga au sukuma wiki, robo iwe sima au wali, robo iwe samaki, maharagwe au yai. Nazi sikukatazi, mimi mwenyewe ni mtu wa Pwani. Tia tui jepesi, na wali wa nazi uwe wa siku maalumu. Mahamri na mbaazi asubuhi? Kula mbaazi sahani nzima, hamri moja badala ya manne.

Ukirudi nyumbani likizo, bibi atakupakulia kilima cha wali. Kukataa chakula cha bibi ni kumkataa bibi. Basi mwambie, "Bibi, leo acha nikupakulie mimi," ushike upawa, umpakulie yeye kwanza kisha ujipakulie kiasi chako. Akisema "Ongeza, mwanangu," ongeza mchicha na umsifu.

Lala pia. Anayelala saa nne kwa sababu ya simu huamka na njaa ya vitu vitamu, na hiyo si tamaa yake tu, ni mwili unavyofanya kazi.

Sasa maonyo machache. Vidonge na chai za kupunguza uzito zinazouzwa mkononi, usinywe. Baadhi ya bidhaa hizo duniani zimekutwa zimetiwa dawa iitwayo sibutramini bila kuandikwa, dawa ambayo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi. Kujitapisha au kunywa dawa za kuharisha nako kunavuruga chumvi za mwili na kunaweza kuusimamisha moyo. Kama umeshaingia huko, njoo tuzungumze. Hutagombezwa.

Na ikiwa unatumia sindano ya miezi mitatu ya kuzuia mimba, jua kwamba baadhi ya wanaoitumia huongezeka uzito, na mara nyingi huonekana katika miezi 6 ya mwanzo. Usiiache kimya kimya ukapata mimba usiyoipanga. Njoo ubadilishiwe, njia nyingine zipo.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kula. Wiki mbili za kwanza unaweza kupoteza kilo mbili ukashangilia, lakini nyingi ni maji. Baada ya hapo ni nusu kilo kwa wiki, na wiki nyingine mizani haitasogea kabisa. Hapo ndipo wengi huacha, wakati mambo yanakwenda sawasawa. Kwa yule wa kilo 78, kupungua kilo nne tu tayari kunaanza kuisaidia presha na sukari. Ukikosa siku moja, au ukila harusini mpaka ukashindwa kuinuka, usingoje Jumatatu. Endelea na mlo unaofuata.

Kabla hujaanza, pita kliniki ya chuo au zahanati iliyo karibu, uombe kupimwa uzito, urefu, presha na sukari. Na msikilizaji, ukiona unapungua haraka bila kujitahidi, unapata kiu kisichokatika na unaamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, usifurahie huko kupungua. Hiyo inaweza kuwa sukari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.