Paka Anapokojoa Nje ya Beseni Lake

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Mada ya leo huenda ikawachekesha wengine, lakini mwenye tatizo hili nyumbani hacheki. Tutazungumza juu ya paka anayekojoa ndani ya nyumba, mahali asipotakiwa: kwenye godoro, kwenye rundo la nguo, nyuma ya makochi, au kwenye blanketi la mtoto. Kwenye kliniki ya wajawazito tunaulizwa swali hili mara nyingi: "Sista, paka ameanza kukojoa kitandani na mimi ni mjamzito. Mume wangu anasema tumtie kwenye gunia tukamtupe mbali. Tufanye nini?"

Msikilizaji, kabla ya gunia, nisikilize. Paka kwa kawaida ni mnyama msafi. Huchimba, akamaliza haja, akafukia. Akiacha tabia hiyo ghafla, kuna sababu. Sababu hizo ni tatu kubwa: ugonjwa, beseni lisilofaa, au hofu na mabadiliko nyumbani. Ukiijua sababu, mara nyingi unaweza kuiondoa bila gharama kubwa. Ukimtupa paka, panya watarudi kwenye unga na mahindi yako, na paka mgeni naye ataingia kukojoa palepale, kwa sababu harufu bado ipo.

KWANZA: JE, PAKA NI MGONJWA?

Anza hapa kila mara. Paka mzima hukojoa mara mbili hadi nne kwa siku. Mtazame kwa siku moja. Je, anachuchumaa mara kwa mara na kutoa matone tu? Analia anapokojoa? Mkojo una damu? Anajilamba sana sehemu za siri? Hizi ni dalili za ugonjwa wa njia ya mkojo. Paka mwenye maumivu hudhani kwamba beseni ndilo linalomuumiza, kwa hivyo hulikimbia na kutafuta mahali laini kama blanketi.

Sasa sikiliza hili kwa makini, hasa kama paka wako ni dume. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana na inaweza kuziba. Ukimwona anajikaza tena na tena na hakuna kitu kinachotoka, usifikiri amefunga choo. Huenda mkojo umemzibia. Akianza kutapika na kulegea, hali imekuwa mbaya zaidi. Paka wa namna hii anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Paka mzee anayekunywa maji mengi kuliko zamani na kukojoa sana anaweza kuwa na ugonjwa wa figo au wa sukari. Yeye pia apimwe.

Jambo moja zaidi: usimpe paka dawa za watu. Panadol, ambayo sisi tunatumia kwa maumivu ya kichwa, ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.

PILI: LIANGALIE BESENI LENYEWE

Si lazima ununue mchanga wa paka wa supamaketi. Beseni pana la plastiki linatosha, hata kama lina ufa. Liwe na nafasi ya paka kuingia na kugeuka bila kubanwa. Kwa paka mdogo au mzee, kingo ziwe fupi ili aingie bila kuruka.

Tia mchanga mkavu au vumbi la mbao kutoka kwa fundi seremala, kina cha kama vidole vitatu vilivyolazwa. Vumbi hilo litoke kwenye mbao zisizopakwa dawa wala rangi. Majivu matupu si mazuri, kwa sababu yakilowa yanawasha nyayo. Na kama paka amezoea kukojoa kwenye majivu ya jiko, funika meko kwa kipande cha bati yakishapoa.

Beseni liwekwe mahali patulivu, mbali na chakula chake. Hakuna anayependa kula chooni, na paka hali kadhalika. Usiliweke karibu na mlango unaofungwa kwa kishindo, wala mahali ambapo mbwa au watoto watamfukuza.

Toa mavi na mchanga uliolowa kila siku. Mara moja kwa wiki mwaga mchanga wote, osha beseni kwa maji na sabuni ya kawaida, suuza, anika. Usitumie dawa ya kuua vijidudu ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini. Harufu yake humfukuza paka, na ikimgusa nyayo kisha ajilambe, inaweza kumdhuru.

Kama una paka wawili, mabeseni yawe matatu: moja kwa kila paka na moja la ziada. Kwa anayeishi chumba kimoja hilo ni gumu, najua. Basi weka angalau mawili katika pembe tofauti, na uyasafishe asubuhi na jioni.

TATU: NI NINI KIMEBADILIKA NYUMBANI?

Je, mmehama? Kuna mgeni, au paka mwingine? Kuna mtoto mchanga? Paka huijua nyumba yake kwa harufu. Harufu ikibadilika anaingiwa na hofu, na wengine hukojoa juu ya kile kitu kigeni. Ndiyo maana blanketi la mtoto mchanga hukojolewa. Si wivu wala uchawi, na si ishara ya mkosi kwa mtoto.

Paka dume ana tabia nyingine pia. Husimama, huinua mkia ukitetemeka, kisha hunyunyiza mkojo kidogo ukutani au kwenye mlango. Hapo anaweka alama ya mpaka wake, hasa kama mashume wa mtaani wanapita dirishani. Dawa kubwa ya tabia hii ni kuhasiwa na daktari wa mifugo. Madume wengi huacha kunyunyiza baada ya kuhasiwa.

Usimpige paka, wala usimsugue pua kwenye mkojo. Hataelewa kosa lake. Atajifunza tu kukuogopa, na kesho atakojoa mvunguni ambako huoni. Tena paka anayepigwa hukwaruza na kuuma, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto. Kumbukeni kwamba kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitalini siku hiyohiyo. Na paka apewe chanjo.

KUMRUDISHA KWENYE BESENI

Mfungie paka katika chumba kimoja kidogo au stoo kwa siku chache. Awe na maji, chakula, mahali pa kulala, na beseni upande wa pili. Chukua kitambaa kilichopangusa mkojo wake, kiweke ndani ya beseni ili ajue mahali pake. Akitumia beseni vizuri kwa siku kadhaa, mfungulie polepole.

Mahali alipozoea kukojoa, pasafishe, kisha weka sahani yake ya chakula hapo. Asubuhi kunja matandiko, na mlango wa chumba cha kulala ufungwe. Nguo chafu zisiachwe sakafuni. Ziwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko.

KUSAFISHA PALIPOKOJOLEWA

Wengi wetu hukimbilia jiki. Akina mama, msifanye hivyo! Mkojo una amonia. Jiki ikikutana nayo hutoa hewa yenye sumu inayowasha macho na kubana kifua. Katika chumba kidogo kisicho na madirisha makubwa, mwenye pumu au mtoto mchanga anaweza kuumia. Vilevile usichanganye jiki na siki. Kama umeshachanganya na hewa inakukaba, toka nje na watoto, fungua milango na madirisha, usirudi mpaka hewa iwe safi. Anayeendelea kukohoa au kupumua kwa shida apelekwe hospitalini.

Fanya hivi. Kwanza, kandamiza mkojo kwa kitambaa kikavu mpaka unyevu upungue. Usisugue, maana utausambaza. Pili, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga ya kufulia, kisha suuza vizuri. Tatu, pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji, kikombe kwa kikombe. Nne, anika juani. Godoro linahitaji jua la siku nzima, na kulirudia kesho yake ikiwa bado linanuka. Blanketi na nguo za mtoto zifuliwe peke yake.

MAMA MJAMZITO NA MTOTO MDOGO

Sasa turudi kwa mama yule wa kliniki. Kuna kidudu kiitwacho toksoplasma. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kinaweza kumfikia mtoto tumboni. Mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na madhara ya ubongo na macho. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana kwa sababu ya virusi vya UKIMWI, kidudu hiki kinaweza kushambulia ubongo.

Lakini elewa vizuri kinatoka wapi. Hakitoki kwenye mkojo wa paka. Hutoka kwenye mavi, na kinahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili wa paka ndipo kiweze kuambukiza. Kwa hiyo mavi yakitolewa kila siku, hatari inapungua sana. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine, si mjamzito. Mwambie baba wa nyumba kwamba hii ndiyo kazi yake kwa miezi tisa, na ni nyepesi kuliko safari ya gunia. Kama hakuna mtu mwingine, vaa glavu na unawe mikono kwa sabuni.

Mavi yatupwe kwenye choo cha shimo, au yafungwe kwenye mfuko na kutiwa pipani. Yasitupwe kamwe kwenye shamba la sukumawiki.

Kumbuka pia kwamba watu wengi huambukizwa kidudu hiki bila kufuga paka: kwa kula nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa, au kushika udongo bila kunawa. Nyama iive mpaka isibaki wekundu ndani.

Kwa watoto, shida nyingine ni minyoo ya paka. Mayai yake hukaa udongoni, mtoto akacheza, akatia mikono mdomoni. Minyoo hiyo inaweza kudhuru hata macho. Rundo la mchanga wa ujenzi lifunikwe kwa turubai, watoto wanawe mikono kabla ya kula, na paka apewe dawa ya minyoo kama atakavyoelekeza afisa wa mifugo.

MASWALI MNAYOTUULIZA

Swali: Paka amekojolea blanketi la mtoto wangu wa miezi miwili. Nimkimbize mtoto hospitalini?
Jibu: Mkojo kwenye blanketi peke yake si sababu ya kukimbia. Muogeshe mtoto, mbadilishe nguo, fua blanketi. Lakini paka asilale na mtoto mchanga, mlango ufungwe. Mtoto akiwa na homa au akikataa kunyonya, mlete kliniki kwa sababu hiyo.

Swali: Natarajia kujifungua mwezi ujao. Nimwandae paka vipi?
Jibu: Anza sasa. Kama beseni litahamishwa, lisogeze kidogo kidogo kila siku, usilihamishe kwa mara moja. Mzoeshe mlango uliofungwa kabla mtoto hajaja. Blanketi la mtoto libaki kabatini mpaka litakapohitajika.

Swali: Nimefanya yote haya na bado anakojoa ndani.
Jibu: Rudi kwenye hatua ya kwanza. Mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana mzima, maana paka ni hodari wa kuficha maumivu.

YA KUKUMBUKA

1. Paka akibadilika ghafla, mchunguze ugonjwa kwanza. Dume asiyetoa mkojo ni dharura.
2. Beseni liwe pana, liwe mahali patulivu, lisafishwe kila siku.
3. Usimpige paka, wala usimpe dawa za watu.
4. Usimwage jiki juu ya mkojo. Tumia sabuni, siki na jua.
5. Mjamzito asishike mavi ya paka. Nyama iive, mboga zioshwe.

Akina mama, kama kuna jirani anayesumbuliwa na jambo hili, mweleze mliyoyasikia leo. Mwenye swali zaidi amuulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, au aje kliniki. Tukutane tena wiki ijayo. Kwaherini, na mbaki na afya njema.