Kalibu na Tundu-umbo

Katika eneo la viwanda kama Kihonda, Morogoro, neno moja katika hati ya kuagizia kipuri laweza kumpoteza fundi. Neno hilo ni kalibu. Kalibu hujazwa, kitu kikapoa humo, kisha kikatolewa. Ndivyo zifanywavyo ndoo. Bomba la plastiki sivyo. Chembe humwagwa katika faneli, parafujo ikazisukuma ndani ya silinda yenye moto zikayeyuka (joto jingi hutokana na msuguano wenyewe, hivyo silinda hiyo tusiiite tanuri), na uji mzito ukapenya tunduni mfululizo, kama tambi zitokavyo mashineni. Kazi hiyo twaiita ukamuaji. Chuma chenye tundu twapendekeza kiitwe tundu-umbo. Kikamulio tumelikataa, kwani hilo laifaa mashine nzima.